Mgeni Kapewa Jembe: Habari na Huduma Katika Kijiji cha Waingereza

(Mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani)

Ndugu msomaji, sisi watu wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia neno Uingereza, mawazo yetu hukimbilia London: majumba makubwa, treni zipitazo chini ya ardhi, na watu wanaopishana njiani bila salamu. Ni wachache wanaojiuliza kama Waingereza nao wana vijiji, na kama wanavyo, mtu wa huko akitaka kujua basi litapita saa ngapi, au nani kafariki, au kwa nini taa ya njia panda haiwaki, humwuliza nani. Wiki hii nataka tuzungumze jambo hilo, maana niliishi katika kijiji cha namna hiyo kwa muda wa miaka miwili, na niliyoyaona yalinipunguzia kiburi changu cha mtu wa Ilala.

Nilifikaje huko? Mwaka 2022 mke wangu alipata kazi ya uuguzi katika hospitali ya mji mmoja mdogo, magharibi ya England. Kodi ya nyumba mjini ilitushinda, tukapanga nyumba ya mawe kijijini, maili sita kutoka hospitali. Kijiji kilikuwa na watu wasiozidi mia nne, kanisa la kale, shule ndogo ya msingi, baa moja, ukumbi, na duka moja lenye dirisha la posta ndani yake. Jina la kijiji sitalitaja, wala la mkoa wake, kwa sababu haya nitakayoyasimulia yametokea katika mikoa mingi, na sipendi lawama imwangukie mmoja.

Siku ya tatu baada ya kuhamia, nilisikia kitu kikidondoka mlangoni. Nyumba za huko zina tundu la kupitishia barua katikati ya mlango. Nikaokota kijarida cha kurasa kumi na sita, kimebanwa kwa pini mbili. Nikaketi kukisoma, na nakiri kwamba nilicheka. Habari kubwa ya ukurasa wa kwanza ilikuwa mashimo matatu ya barabara ya kwenda kinu cha zamani. Ukurasa wa pili ulieleza nani atapanga maua kanisani Jumapili ipi. Kulikuwa na paka aliyepotea, shukrani za mama aliyefiwa, ratiba ya maktaba ya gari inayopita mara moja kwa wiki tatu, na tangazo la mtu anayesafisha mabomba ya moshi. Nikamwambia mke wangu, "Hawa jamaa hawana habari." Karatasi zile nikawashia moto wa jiko la kuni.

Wiki ya pili yake kicheko kikanirudia mwenyewe. Huko taka hutengwa: chupa na makopo pipa hili, karatasi pipa lile, mabaki ya chakula chombo kingine, na kila pipa lina siku yake. Mimi nikatoa pipa lisilo lake. Gari likapita, likaniachia mzigo wangu pale pale barabarani, ukakaa hivyo siku kumi na nne mbele ya macho ya kijiji kizima. Ratiba ilikuwa ukurasa wa nne wa kijarida kile nilichokichoma.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Habari ya kijijini haisomwi kwa ajili ya kustaajabisha watu. Ni chombo cha kazi, kama ndoo au panga. Asiyekuwa nacho hukwama.

Vijarida vya namna ile vina historia ndefu. Mwaka 1859 kasisi mmoja wa mji wa Derby, Erskine Clarke, alianza kuchapa jarida la parokia ambalo makasisi wa sehemu nyingine waliweza kulinunua na kuliongezea kurasa za habari za kwao. Desturi ikaenea nchi nzima. Siku hizi vingi havimilikiwi na kanisa peke yake. Cha kwetu kilihaririwa na mwalimu mstaafu, mezani kwake jikoni. Gharama ya uchapaji ililipwa na matangazo ya mafundi bomba na wakata nyasi, na ugawaji ulifanywa na watu wa kujitolea, kila mmoja na nyumba zake.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilidhani methali hiyo ni yetu sisi peke yetu. Kumbe hata huko wanaijua, ila hawana maneno yake. Mwezi wa pili mwalimu yule alibisha hodi, akanikabidhi furushi la vijarida na orodha ya nyumba ishirini na tatu. Hakuniuliza kama nina nafasi.

Huenda msomaji ukauliza: Waingereza si ndio wenye magazeti mengi? Ni kweli, lakini magazeti ya wilaya na miji midogo yamekufa kwa wingi. Tangu mwaka 2005 zaidi ya 200 yamefungwa nchini Uingereza. Matangazo ya nyumba, magari na kazi, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakilisha magazeti hayo, yalihamia kwenye intaneti, na mwandishi aliyekuwa akikaa nyuma ya ukumbi na daftari lake akaondoka. Mwaka 2018 BBC ilianza kulipia waandishi wa kufuatilia halmashauri, wakiwa wameajiriwa na vyombo vya habari vya mikoani, lakini macho yao yako zaidi kwenye halmashauri kubwa. Kijiji cha watu mia nne hakina wa kukiandikia. Kijiandikie chenyewe, au kinyamaze.

Na kuna sheria inayowasaidia. Mwaka 1960 mbunge mpya, mwanamke, alitumia hotuba yake ya kwanza bungeni kuwasilisha muswada wa kuwapa waandishi na wananchi haki ya kuingia katika mikutano ya halmashauri. Muswada ukapita, ukawa sheria. Mbunge huyo alikuwa Margaret Thatcher, ambaye wengi wetu tunamkumbuka kwa mambo mengine kabisa. Kwa sheria hiyo mlango wa mkutano haufungwi ovyo. Ni lazima pawe na sababu ya kuufunga.

Mikutano yenyewe ni ya nani? Hapa naomba nieleze kidogo, maana serikali ya kijiji ya Waingereza ina jina linalochanganya. Inaitwa baraza la parokia. Sisi tukisikia parokia tunafikiri padri. Kweli, zamani mambo ya kijiji yaliamuliwa katika kikao cha kanisa, chini ya kasisi na wenye mashamba. Lakini sheria ya mwaka 1894 ilitenganisha: ya kanisa yakabaki kanisani, ya kiraia yakapewa baraza linalochaguliwa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba mwaka huo huo. Leo mabaraza ya namna hiyo, ya vijiji na miji midogo, yanakaribia 10,000 katika England.

Wajumbe hawapungui watano, na hukaa madarakani miaka minne. Hawana mshahara. Mwenye malipo ni karani, naye hulipwa kwa saa chache za wiki. Nguvu zao ni ndogo: makaburi, uwanja wa watoto kuchezea, kibanda cha kusubiria basi, mabenchi, na pengine taa na viwanja vya bustani vya kukodisha. Shule si yao, barabara si yao, taka si zao. Hayo ni ya halmashauri za juu. Mtu akitaka kujenga, baraza hutoa maoni, lakini uamuzi uko kwa wakubwa. Fedha zao hutokana na nyongeza ndogo inayowekwa juu ya kodi ya nyumba, inayokusanywa na halmashauri ya juu na kukabidhiwa kwao.

Udogo huo usikudanganye kwamba hakuna ugomvi. Desemba 2020, wakati wa korona, mkutano wa baraza la Handforth, mkoa wa Cheshire, ulifanyika kwa kompyuta. Mabishano yakawa makali mpaka mama aliyealikwa kuuendesha, Jackie Weaver, akawaondoa baadhi ya wajumbe mkutanoni, mwenyekiti akiwa mmoja wao. Mkanda wake ulipoonekana Februari 2021 dunia nzima ilicheka. Mimi nikauona kwa jicho lingine. Watu hawagombani hivyo juu ya kitu wasichokijali.

Sasa tuje kwenye huduma. Zamani kijiji kile kilikuwa na kituo cha treni. Mwaka 1963 mkuu wa shirika la reli, Dakta Beeching, alitoa taarifa iliyopendekeza kufungwa kwa vituo zaidi ya 2,300, na njia nyingi za vijijini zikang'olewa. Jengo la kituo lingalipo, lakini ni nyumba ya mtu, na pale treni ilipopita pana nyasi na kondoo.

Posta nayo ina kisa chake. Katikati ya miaka ya 1960 Uingereza ilikuwa na ofisi za posta kiasi cha 25,000. Zimepungua zikabaki chini ya nusu ya hizo. Kijijini posta si barua tu. Ni mahali pa kupokelea pensheni, kulipia umeme, kutoa fedha baada ya benki kufunga tawi lake, na kuonana. Ndiyo maana kisa cha mtambo wa Horizon kiliwauma watu wa vijijini kwa namna ya pekee. Mtambo huo wa mahesabu, uliotengenezwa na Fujitsu, ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 wasimamizi wa posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika wakijaribu kulipa fedha ambazo hawakuzichukua. Mahakama Kuu ilithibitisha mwaka 2019 kwamba mtambo ulikuwa na kasoro, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mamia. Lakini fikiria, ndugu msomaji: mtu anayejulikana na kila nyumba, anaambiwa mwizi, na habari inazunguka kijiji kabla ya jua kuchwa. Habari ya kusafishwa jina lake ilitembea pole pole mno.

Yako pia mambo ya kutia moyo. Duka la mwisho la kijiji linapotaka kufungwa, wanakijiji mara nyingi huchanga, wakanunua hisa, wakaliendesha wenyewe kwa ushirika. Maduka ya namna hiyo sasa yamepita 300, na shirika liitwalo Plunkett, lililoanzishwa mwaka 1919 na Mwairishi Horace Plunkett, ndilo linalowapa ushauri. Sheria ya mwaka 2011 iliwapa haki ya kuorodhesha duka au baa kuwa mali yenye faida kwa jamii. Mwenyewe akitaka kuuza, wanakijiji hupata muda wa miezi sita kutafuta fedha. Hata vile vibanda vyekundu vya simu havikutupwa. Tangu mwaka 2008 kampuni ya simu ya BT imekuwa ikiviuza kwa pauni moja kwa vijiji vinavyovitaka. Huko Westbury-sub-Mendip, mkoa wa Somerset, mwaka 2009 walikigeuza kimoja kuwa maktaba. Cha kwetu kilitiwa mashine ya kushtua moyo uliosimama, maana gari la wagonjwa likitoka mjini, moyo haungoji maili sita.

Haya yote nilikuwa nikiyasoma na kuyaandika kama mtazamaji. Kilichoniingiza ndani ni basi.

Katika nyumba zangu ishirini na tatu, ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja wa miaka themanini na minne. Mumewe alikuwa katika nyumba ya wazee mjini, kumbukumbu zimempotea. Kila siku isipokuwa Jumapili bibi yule alipanda basi la saa nne kasorobo, akaenda kumlisha mumewe chakula cha mchana, akarudi saa tisa. Alipanda bure, kwa kuwa tangu mwaka 2008 wazee wa England wana kadi ya kusafiri bila nauli katika mabasi ya nchi nzima, ila siku za kazi kadi inaanza saa tatu na nusu. Basi la saa nne kasorobo lilikuwa kama limepangwa kwa ajili yake.

Februari 2024 nilipeleka kijarida, nikamkuta mlangoni na miwani mkononi. Aliniomba nimsomee ukurasa wa tatu, kwa kuwa hakuyaamini macho yake. Palikuwa na mistari minne: halmashauri ya juu inafikiria kuondoa ruzuku ya basi letu, na maoni yapelekwe kabla ya mwisho wa Mei.

Ili uelewe, ni lazima ujue kwamba tangu Oktoba 1986 mabasi mengi ya England nje ya London ni biashara huria. Mwenye kampuni huchagua njia yenye faida. Ile isiyo na faida, kama ya kwetu, hupita kwa sababu tu halmashauri inalipa. Fedha zikipungua, njia hizo ndizo za kwanza kukatwa. Na hapakuwa na mwandishi wa gazeti aliyeandika habari ile. Kama si karani kuisoma katika lundo la nyaraka, na mwalimu kuiweka ukurasa wa tatu, tungelijua siku basi lisipokuja.

Sheria inataka kila mwaka, kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni, paitishwe mkutano wa parokia. Huu si wa wajumbe. Ni wa wapiga kura wote, na kila mmoja ana haki ya kusema. Wa kwetu ulikuwa Aprili. Mwalimu akawataka wagawaji tuhesabu watumiaji wa basi, nyumba kwa nyumba. Katika nyumba zangu nilipata tisa. Sikutarajia hata watatu, maana kila ua ulikuwa na gari. Kumbe wengine magari yalikuwa ya watoto wao, wengine macho yalikwisha kuwakatalia kuendesha, na mmoja alikuwa kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akisomea ufundi wa umeme mjini.

Siku ya mkutano niliketi nyuma kabisa. Karani akaniuliza kama nimejiandikisha kupiga kura. Nikamjibu, "Mimi ni Mtanzania." Akasema, "Nimekuuliza kama umejiandikisha." Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo wenzetu wengi walioko huko hawalijui: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali ana haki ya kuandikishwa na kupiga kura. Mtanzania, Mkenya, Mganda, na tangu nchi yao ijiunge mwaka 2009, Mnyarwanda pia. Mrundi na Mkongo hawamo. Mwenye kibali cha kudumu anaweza hata kugombea ujumbe wa baraza. Kwa bahati mke wangu alikuwa ametuandikisha wote wawili mwaka wa kwanza, na mimi sikuwa nimezingatia.

Kwa hiyo nilisimama, nikasoma hesabu yangu: nyumba ishirini na tatu, watu tisa, safari thelathini na moja kwa wiki. Kiingereza changu kilitetemeka. Wengine nao wakasoma za kwao. Bibi yule hakusema neno. Aliketi mbele na mkoba wake magotini. Mikono ikainuliwa, na wangu ukiwamo, kutaka basi libaki. Kura ile haikuifunga halmashauri ya juu, lakini karatasi yenye hesabu ya nyumba hadi nyumba ni vigumu kuitia kapuni.

Je, tulishinda? Sitaki kuwadanganya. Halmashauri iliacha basi siku mbili kwa wiki, za soko. Siku nyingine moja walijitolea watu wenye magari, wakirudishiwa fedha ya petroli tu, nami nikawa mmoja wa madereva. Bibi aliyekuwa akimwona mumewe siku sita akawa anamwona siku tatu. Siku moja ndani ya gari aliniambia kwamba zile siku nyingine tatu mumewe hali vizuri, kwa sababu wauguzi hawajui kwamba anataka mkate wake uondolewe ganda. Nilikosa la kumjibu.

Nimelitafakari jambo hili tangu turudi nyumbani. Huduma za kijiji kile hazikusimama kwa sababu Waingereza ni matajiri. Utajiri wao haukuiokoa reli, wala haukuliokoa basi letu. Kilichobaki kilibaki kwa sababu mtu fulani aliisoma nyaraka, mwingine akaiandika, mwingine akaipeleka mlangoni, na watu wakafika ukumbini wakiwa na hesabu mkononi. Mnyororo huo ukikatika pete moja, huduma huondoka kimya kimya, na watu hushtuka kituoni.

Kabla ya kuondoka, mwisho wa 2024, nilikabidhi orodha yangu ya nyumba kwa familia iliyohamia nyumba ya jirani, watu kutoka Poland. Walikuwa na siku chache tu kijijini. Baba wa familia alitazama ukurasa wa kwanza, akaniuliza kama kweli mashimo ya barabara ni habari. Nikamwambia asichome ukurasa wa nne.

Na wewe msomaji wa mjini, nakuachia swali moja. Mkutano wa mtaa wako ulifanyika lini mara ya mwisho, na nani alikuambia? Kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo.